Kola Inayoitwa Profesa

Kazi yangu ilikuwa kulala. Nasema hivyo bila aibu, ingawa mama yangu kule Tanga mpaka leo huwaambia majirani kwamba niko "kwenye mambo ya utafiti". Kwa majira ya baridi kumi na moja nimelala nje, nikining'inia ndani ya bembea kati ya miti miwili, mahali ambapo maji ya kunywa huganda ndani ya chupa, ili kujua kama mifarishi ya manyoya tunayoshona hapa La Rochelle, mtaa wa Johannesburg, inampa mtu joto au inampa matumaini tu. Wiki iliyopita nilistaafu. Nina miaka thelathini na minne. Chekeni, hata mimi nimecheka.

Nawaandikia ninyi mnaobaki karakanani: ninyi wawili mtakaolala badala yangu, na ninyi wa kwenye cherehani ambao kila siku mnashona ile kola yenye vifungo viwili mnayoiita "profesa". Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuuliza kwa nini inaitwa hivyo. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko baridi. Mtu anaambiwa "usisahau profesa", naye anakata kitambaa na kushona! Mimi ningeuliza. Basi kwa kuwa hamkuuliza, nawajibu.

Nilifika siku ya Julai, kukiwa na jalidi kwenye majani ya uani mpaka saa nne asubuhi. Nilikuwa na shahada ya fizikia ndani ya bahasha ya plastiki na sikuwa na kazi. Karakana wakati huo ilikuwa gereji nyuma ya nyumba: cherehani tatu, meza ndefu ya kukatia, na gunia la manyoya ya bata lililokuwa kubwa kuliko mimi. Kwenye cherehani ya katikati alikaa Mama Nadine, Mrundi wa Gitega, miwani yake imefungwa mkono mmoja kwa uzi mwekundu. Hakuinua kichwa.

"Weye umesoma?"

"Nimesoma fizikia, mama."

"Hiyo ni elimu ya nini?"

"Ya vitu vingi. Mwendo, nguvu, joto..."

"Joto!" Akasimamisha cherehani. "Voilà. Basi leo utalala pale nje, kesho utanielezea joto."

Pale nje palikuwa na nguzo mbili na bembea ya kitambaa chembamba. Sikuwa na wasiwasi wowote. Nilipewa mfuko wa kulalia mnene ambao ungemtosha mtu wa ncha ya dunia. Asubuhi nilishuka kifua kikitoka jasho na mgongo kama samaki aliyetolewa kwenye barafu. Nikamwambia Mama Nadine mfuko ule una kasoro upande wa chini. Nilikuwa na hakika kabisa. Nimekuwa na hakika mara nyingi maishani.

Akachota manyoya, akaniwekea kiganjani, akafunika kwa kitambaa. Yakapata moto mara moja, kana kwamba nimeshika kifaranga. Kisha akayakandamiza kwa ngumi yake.

"Na sasa?"

Baridi. Nikaelewa hapohapo, na masikio yakaniwaka kwa aibu. Manyoya hayana joto lao wenyewe. Kinachokupa joto ni hewa iliyofungwa katikati yao. Ukilala ndani ya bembea, uzito wako unayakandamiza yale ya chini, hewa inatoka, na upepo unapita chini yako bila hodi. Kitandani godoro linakukinga. Kwenye bembea huna godoro, una hewa ya Julai.

"Chuo ulisoma miaka mingapi?" akauliza.

"Mitatu."

"Eh! Mimi bata alinifundisha kwa siku moja."

Tangu siku hiyo akaniita Profesa, na karakana nzima ikamfuata.

Dawa ya mgongo mnaijua, maana ndiyo mnayoshona: mfarishi wa pili unaotundikwa nje, chini ya bembea, mahali ambapo hakuna mwili wa kuukandamiza. Sisi tunauita "chini", na ule wa kujifunika tunauita "juu". Kuushona ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuutundika. Ukiulegeza, baridi inapata chumba cha kukaa kati yako na manyoya. Ukiukaza, umeyakandamiza tena, umerudi kwenye ujinga wangu wa siku ya kwanza. Mama Nadine hakuwa na kipimo cha maandishi. Alinilaza kwenye bembea, akapitisha kiganja chake kati ya kitambaa na mfarishi, akasema, "Mkono upite, lakini usitembee." Nilipoteza wiki mbili nikitafuta namna ya kuiandika kanuni hiyo kwa namba. Sikufaulu. Mkono upite, lakini usitembee.

Miaka miwili ya mwanzo ilikuwa ya raha ambayo siwezi kuificha. Nilihoji kila kitu na kila kitu kilinijibu! Kwa nini tunalala mshazari ndani ya bembea? Kwa sababu mgongo unanyooka na miguu haipandi juu. Kwa nini turubai linalofunika bembea lishuke mpaka karibu na ardhi? Kwa sababu upepo ni mwizi anayeingia kwa chini. Je, ni kweli mtu aliyekula huhisi baridi kidogo kuliko mwenye njaa? Nililala siku moja na njaa na siku moja na ugali na maharage, nikaandika, ugali ukashinda. Je, chupa ya maji ya moto iwekwe miguuni au mapajani? Mapajani, ambako damu nyingi inapita, miguu itapelekewa. Na msibane mkojo kwa kuogopa kutoka, maana mwili unatumia joto lake kukutunzia kitu ambacho hukihitaji. Hili la mwisho Mama Nadine alisema ndilo jambo pekee la maana nililoleta kutoka chuo kikuu. Sikumwambia kwamba hatukufundishwa.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache: daftari, kipimajoto kilichofungwa kamba, na mizani ndogo ya jikoni ambayo tulipimia manyoya. Mizani hiyo ikumbukeni, itarudi.

Sasa kisa chenyewe. Ilikuwa mwaka wangu wa tatu. Kundi la wapanda milima lilitaka mifarishi ya kutumia juu kabisa, mpakani na Lesotho, katikati ya Julai. Bosi wetu, Dirk, alifurahi kisha akaingiwa na hofu. Kulikuwa na kiwanda cha nje ambacho kingeweza kumletea mifarishi iliyokwisha kushonwa, ya nyuzi za plastiki badala ya manyoya, na yeye angebaki na kazi ya kubandika nembo. Akatuita mezani. Akasema ya Mama Nadine itajaribiwa siku mbili mlimani. Ikifaulu, tunashona. Ikishindwa, chumba cha cherehani kinafungwa, na wanaoshona watatafuta pengine.

"Nani atapima?" Mama Nadine akauliza.

"Profesa," Dirk akasema. "Yeye haamini mtu, kwa hiyo namwamini."

Nikaona fahari. Mama Nadine akanitazama juu ya miwani yake, akasema, "Sawa. Usinipendelee, mwanangu. Sema utakachokiona." Alikuwa na wasichana wawili shuleni na hakuwa na mji mwingine wa kwenda. Hakusema hivyo; nilijua.

Tukapanda mimi na Dirk kwa bakkie yake, ile pikapu, mpaka kwenye misonobari kando ya bwawa moja la shamba, juu sana, ambapo maji ya pembeni yalikuwa yameganda mpaka mbwa wa mwenye shamba alikuwa akitembea juu yake. Dirk alilala ndani ya gari. Mimi nilitundika bembea, chini na juu, mkono ukapita na haukutembea. Siku ya kwanza nililala vizuri. Siku ya pili, kipimajoto kiliposhuka kumi na mbili chini ya sifuri, baridi ilinishika kifuani na haikuniachia. Asubuhi niliushika mfarishi wa juu: manyoya upande wa kichwani yalikuwa yameshikana madonge, kitambaa kina unyevu na punje za barafu. Nikaandika daftarini kwa herufi kubwa: UMESHINDWA. Nikampa Dirk alisome kabla hata hatujanywa chai. Hivyo ndivyo nilivyokuwa na haraka ya kuwa mkweli.

Tuliporudi La Rochelle, Dirk akamwomba mtu wa kiwandani alete sampuli. Mama Nadine hakulalamika. Aliutandaza ule mfarishi mezani, akaupapasa polepole kutoka miguuni mpaka kichwani, kama mtu anayetafuta sindano.

"Huku miguuni manyoya yamesimama," akasema. "Tumboni yamesimama. Hapa juu tu, kama shubiri mbili, ndiyo yamelala. Hii ni baridi gani, Profesa, inayopiga mtu chini ya kidevu peke yake?"

"Labda manyoya ya sehemu hiyo hayakuoshwa vizuri."

"Yametoka gunia moja."

"Labda mshono unavujisha."

"Mvua ilinyesha?"

"Hapana."

"Sasa maji yametoka wapi?"

"Hewa ina unyevu, mama. Ni jambo la kisayansi."

"Hewa iliyochagua kidevu chako." Akakunja mfarishi. "Weye ulilala namna gani?"

"Nililala kama watu wanavyolala!"

Ndugu zangu, hilo ndilo jibu baya kuliko yote niliyowahi kutoa kazini. Mtu ambaye alihoji ugali, alihoji mkojo, alihoji mpaka kiganja cha mwanamke mwenye uzoefu wa miaka ishirini, alipoulizwa swali moja kuhusu yeye mwenyewe, alijibu kwa hasira.

Siku tatu baadaye, Ijumaa, nilirudi kutoka msikitini nikala, nikajinyoosha juu ya marobota ya kitambaa nipumzike kabla ya saa nane. Nilizinduliwa na kicheko. Nilisikia Mama Nadine akiita, "Njooni! Njooni muone huyu, amejifunga kama maiti!" Nikafunua shuka usoni. Watu watatu walikuwa wamesimama juu yangu na Mama Nadine ameshika kiuno.

"Unajifunika kichwa pia?"

"Nimezoea. Kwetu Tanga kuna mbu. Bibi alikuwa anatufunika gubigubi tangu wadogo, usipofunikwa hulali."

"Huku Johannesburg mwezi wa saba umeona mbu?"

"Eish, mama, ni mazoea tu..."

Hakunisikiliza. Alikuwa ameichukua ile shuka, anaipapasa kwa vidole vilevile vilivyopapasa mfarishi. Kisha akanishika mkono, akauweka mahali mdomo wangu ulipokuwa. Palikuwa pamelowa.

Nikakitazama kiganja changu. Halafu nikaruka! Niliruka kweli, mpaka marobota yakaanguka. Pumzi! Kila pumzi ina maji, na mimi nilikuwa nimejaza maji ya saa tisa za usingizi ndani ya manyoya ya Mama Nadine, siku ya kwanza, kisha siku ya pili juu ya yale ambayo hayakuwahi kukauka. Ndiyo maana siku ya kwanza nilipata joto na ya pili nikagandishwa. Mfarishi haukushindwa. Niliunywesha maji mwenyewe, kwa shubiri mbili, chini ya kidevu changu. Nilihoji dunia nzima isipokuwa shuka ya bibi.

"Sasa kamwambie bosi," Mama Nadine akasema. Hakuwa anacheka tena.

Dirk alikuwa na ile sampuli ya kiwanda mezani kwake. Nilipomaliza kueleza akaweka kalamu chini.

"Kwa hiyo umeharibu mfarishi kwa kupumua."

"Ndiyo."

"Na taarifa yako uliyoandika kwa herufi kubwa?"

"Si kweli. Yaani kilichotokea ni kweli, lakini sababu si mfarishi."

"Profesa, wiki iliyopita ulikuwa na hakika. Leo una hakika. Nichukue hakika ipi?"

Alikuwa na haki. Maneno yangu hayakuwa na bei tena. Nikamwomba turudi mlimani, bwawa lilelile, mifarishi miwili ya gunia moja. Mmoja mtu alale uso wazi na kofia ya sufu kichwani. Mwingine mimi nijifunike gubigubi, makusudi, siku mbili. Kabla na baada tuipime kwenye mizani.

"Na huyo wa uso wazi ni nani?" Dirk akauliza. Mwenyewe hakuwa na hamu.

"Ni mimi," Mama Nadine akasema kutoka mlangoni. "Nimeushona mimi. Kama mfarishi huu utaua mtu, uniue mimi, usimuue mteja."

Hakuwa amewahi kulala kwenye bembea maisha yake yote. Alipanda mlimani na kitenge kiunoni juu ya suruali mbili, chupa ya chai, na kofia ya kijani aliyofuma ndani ya gari njia nzima. Alipoona bembea akaizunguka mara mbili kama mtu anayenunua ng'ombe. Akauliza mtu akianguka anaanguka upande gani. Nikamwambia akae katikati kwanza, kisha ainue miguu, kisha alale mshazari. Akakaa, akainua, akapinduka upande wa pili moja kwa moja kwenye majani ya msonobari. Dirk akageuka kuangalia bwawa ili asicheke. Mara ya tatu akatulia. Nikapitisha kiganja chini ya mgongo wake. Kilipita, hakikutembea.

"Nani amekufundisha?" akaniuliza kutoka ndani.

"Bata," nikasema.

Siku mbili zile sitaki kuzisimulia kwa upande wangu. Kujua unachojifanyia na kuendelea nacho ni ujinga wa daraja la juu zaidi. Saa nyingi nilitamani kutoa uso nje, pua yangu iliniomba, na sikutoa. Nilitetemeka mpaka kamba zikawa zinalia. Kutoka bembea ya pili nilisikia Mama Nadine akikoroma, tena kwa utulivu, na nakiri sijawahi kufurahia mkoromo wa mtu kiasi kile.

Asubuhi ya pili jua lilipogusa misonobari, Dirk aliweka mizani ya jikoni juu ya boneti la bakkie. Vidole vyangu havikuweza kukunja mfarishi, akaukunja yeye. Wa Mama Nadine ulikuwa umeongezeka kitu kidogo sana, kijiko cha maji pengine. Wangu ulikuwa umeongezeka uzito wa mayai mawili. Akaupima tena. Akageuza mizani, akapima mara ya tatu. Mama Nadine alisimama hapo na chai yake, mashavu yanang'aa, manyoya ya mfarishi wake yamesimama kama mkate uliotoka tanuri.

"Ulipata baridi?" Dirk akamuuliza.

"Baridi? Niliota niko jikoni kwa dada yangu."

Dirk akafunga daftari langu na kunirudishia. "Futa lile neno," akasema. Kisha akamgeukia Mama Nadine. "Utahitaji cherehani ya nne."

Aliitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyeambiwa basi limefika. Lakini alipokwenda kuosha kikombe bwawani alikaa huko muda mrefu, na hatukumfuata.

Njiani kurudi ndipo alipoanza kuchora kwa kidole kwenye kioo cha gari kilichojaa mvuke, mvuke wa pumzi zetu, naomba muone. Wateja wetu, alisema, nao wana bibi zao. Huwezi kumwambia kila mtu asijifunike. Lakini unaweza kumshonea ukanda wa shingoni, vifungo viwili nyuma, ili mfarishi uishie kwenye kidevu na usipande. Anayetaka kujifunika uso afungue vifungo kwanza, na atakapokuwa anahangaika navyo atakumbuka ameambiwa nini. Tangu hapo hakuna "juu" uliotoka karakanani bila kola hiyo. Na tangu hapo kukawa na desturi mnayoijua: aliyeshona hulala kwanza, ndipo mteja. Haikutoka kwenye kitabu. Imetoka kwa mwanamke aliyesimama mlangoni.

Kwa nini basi nastaafu, nikiwa na nguvu zangu? Julai hii tulilala kwenye nyuzi tisa chini ya sifuri, mimi na mmoja wenu wawili, simtaji, na asubuhi nikaandika "joto la kutosha". Yeye alikuwa anatetemeka ndani ya mfarishi uleule. Mama Nadine akasoma daftari, akamtazama yeye, akanitazama mimi.

"Profesa, weye huhisi tena."

"Nahisi, mama, ila si sana."

"Kipimajoto kikizoea baridi, si kipimajoto tena. Ni chuma."

Nilitaka kubishana. Nilifungua mdomo kabisa. Kisha nikakumbuka mara ya mwisho aliponiuliza nililala namna gani, nikaufunga. Kazi hii inamhitaji mtu anayeteseka upesi, na mimi nimekuwa sugu. Uchanga wenu ndio sifa yenu. Msione haya kutetemeka, na msiandike ushujaa daftarini.

Siku ya kuaga mlininunulia keki na mkanipa mfarishi, wa juu, alioushona Mama Nadine mwenyewe. Nimeulaza kitandani kwangu hapa La Rochelle, dirisha limeachwa wazi, maana sasa bila hewa ya nje sipati usingizi. Jana nilijilaza mchana, kama kawaida ya wastaafu, na bila kufikiri mikono ikaanza kuvuta mfarishi kwenda juu, kidevu, mdomo, kuelekea kwenye mbu wa Tanga ambao sijawaona kwa zaidi ya miaka kumi. Ukasimama. Nikavuta tena. Vifungo vilikuwa vimefungwa nyuma ya shingo, na nikahisi ule uzi mnene alioutumia, mwekundu, uleule wa miwani yake.

Nikaacha uso nje.